Miguu ya Wazee Wetu

Liko neno ambalo watoto wema hupenda kuwaambia wazazi wao waliozeeka: "Pumzika." Mama, pumzika, umefanya kazi ya kutosha. Baba, pumzika, hilo jembe mwachie kijana. Ni neno la shukrani, na mzazi anayeambiwa hivyo na mtoto wake ana haki ya kumshukuru Mungu. Lakini mwaka 2020 neno hilo liligeuka kuwa amri. Katika usharika niliokuwa nikiutumikia kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, niliona kwa macho yangu jinsi pumziko linavyoweza kumdhoofisha mtu kama vile ugonjwa unavyomdhoofisha. Naandika juu ya jambo hili kwa sababu korona imetoka midomoni mwetu, lakini viti tulivyowakalisha wazazi wetu wakati ule bado viko pale pale barazani.

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyepatikana Arusha. Kesho yake shule zikatangazwa kufungwa. Nchi yetu haikuwafungia watu majumbani kama nchi nyingine zilivyofanya. Jirani zetu Wakenya waliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na makanisa yao yaliporuhusiwa kufunguliwa tena mwezi Julai, waumini waliozidi umri wa miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Katika usharika wetu mlango wa kanisa haukufungwa. Tuliweka ndoo za maji tiririka na sabuni pale mlangoni, tukawakalisha watu mbalimbali kwenye mabenchi, tukaacha kushikana mikono, tukafupisha ibada. Mtu yeyote aliruhusiwa kuja.

Hata hivyo, Jumapili baada ya Jumapili, mabenchi ya mbele upande wa akina mama yalibaki wazi. Ni mabenchi ya bibi zetu. Hakuna polisi aliyewazuia wasije. Walizuiwa na watoto wao, kwa simu, na kwa upendo. Simu zilipigwa kutoka Dar es Salaam, Dodoma, Arusha, na nyingine kutoka ng'ambo: "Mama, usitoke. Mama, usipokee wageni. Mama, usiende sokoni. Kaa tu, kila kitu utaletewa."

Sitaki nieleweke vibaya. Watoto hao walikuwa na sababu. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba ugonjwa huu huwaua wazee kuliko vijana, hasa wenye kisukari, presha na maradhi ya moyo, na wazee wetu wengi wanayo. Mtoto anayemwambia mama yake akae mbali na msongamano anatii Amri ya Nne, ile ya kuwaheshimu baba na mama. Nami niliwaunga mkono hata madhabahuni. Neno langu si juu ya kukaa mbali na watu. Ni juu ya kukaa tu.

Ili uelewe tofauti hiyo, mpendwa msomaji, nikupeleke kwa bibi mmoja wa usharika wetu, mjane wa miaka 78. Anaishi kwenye kihamba cha mume wake pamoja na mwanawe wa mwisho na mke wa mwanawe huyo. Wanawe wengine wako mijini. Kabla ya korona, siku yake ilikwenda hivi. Huamka gizani, hufagia uwanja kwa ufagio wa chelewa huku ameinama, kisha huchukua mundu na kamba akaenda kukata majani ya ng'ombe. Hurudi na mzigo kichwani, si mkubwa kama wa zamani, lakini ni mzigo. Hukatakata mgomba uliokwisha kuvunwa, akamwongezea ng'ombe. Hupalilia maharage yaliyo chini ya migomba, akishuka mpaka kwenye mfereji na kupanda tena. Jumatano huenda kwenye jumuiya, ambayo huzunguka nyumba kwa nyumba. Siku ya soko huenda sokoni, hata kama hana cha kuuza, maana soko ni habari. Jumapili hupanda kilima kuja kanisani na wenzake watatu, wakipumzika mara mbili njiani na kuongea mara zote.

Ungemwambia bibi huyu kwamba anafanya mazoezi, angecheka mpaka machozi. Mazoezi, kwa watu wetu, ni jambo la askari, la wachezaji wa mpira, na la watu wa mjini wenye vitambi. Yeye alikuwa anaishi tu. Lakini ukihesabu kuinama kwake na kuinuka, kupanda na kushuka, kubeba na kutua, utaona kwamba mwili wake ulikuwa unafanya kazi saa nyingi kila siku, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa imemsimamisha.

Korona ilipokuja, mambo hayo yote yaliondoka ndani ya majuma mawili. Soko likakatazwa na watoto. Jumuiya ikasimama. Kanisani asiende. Na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, wajukuu waliletwa kutoka mjini, vijana wenye nguvu wasio na la kufanya, wakapewa kazi za bibi. Kila alipoinuka, sauti nne zilimwambia, "Bibi, kaa." Akaletewa kiti cha plastiki chenye mto, kikawekwa barazani.

Nilimtembelea mwanzoni mwa Juni kumpelekea Meza ya Bwana, nimevaa barakoa, nikabaki nje ya baraza. Yapata majuma kumi na moja yalikuwa yamepita. Bibi huyu, kwa miaka yote niliyomjua, husimama kwa Imani ya Mitume. Hata alipokuwa na homa alisimama. Siku ile tulipofika kwenye Imani, alishika mikono ya kiti, akajisukuma, akarudi chini. Akajaribu mara ya pili. Magoti yalitetemeka, akarudi tena. Mkwewe akamwahi kwa upole, "Kaa tu, Mama. Mungu anakuelewa." Akakiri Imani yake ameketi, macho yake yakitazama sakafu.

Ibada ilipokwisha nilimuuliza anaumwa nini.

"Mchungaji," akasema, "mimi siumwi. Nimekalishwa."

Nikanyamaza, naye akaendelea. "Kwanza walichukua mundu. Nikasema sawa, ni korona. Wakachukua ufagio. Sasa maji ya kuoga naletewa chumbani, na nikienda chooni nasindikizwa kama mgeni. Kwenye nyumba niliyoijenga mimi na marehemu."

Mkwewe alikuwa amesimama pale pale na beseni mkononi. Hakuwa mkwe mbaya. Alikuwa mmoja wa wakwe bora ninaowafahamu, na uso wake ulionyesha kwamba amechomwa na neno lile.

Katika baraza letu la wazee wa kanisa tulikuwa na mama mmoja muuguzi mstaafu. Nilipomsimulia hakushangaa. Alisema amekwisha kuona wazee saba wa namna hiyo tangu Pasaka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na korona. Akanieleza kwa lugha nyepesi. Misuli ya mzee, alisema, ni kama akiba ya mtu asiye na mshahara: kuitoa ni haraka, kuirudisha ni polepole sana. Kijana akivunjika mguu akakaa miezi miwili, atarudi uwanjani. Mzee akikaa miezi miwili, huenda asirudi hata mlangoni.

Jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuwa wagonjwa na walikula vizuri. Katika siku hizo 10 tu, walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Basi fikiri juu ya majuma kumi na moja. Na si miguu peke yake. Mwili unaokaa hupoteza uwezo wa kujisawazisha usianguke, sukari na presha huwa vigumu kutawala, usingizi huruka, tumbo hufunga. Mtu huyo huanza kunyamaza. Chakula hakimvutii. Ukimsalimu anajibu, lakini habari hasimulii. Mwezi Novemba mwaka ule ule 2020, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya jambo hili: watu wazima, wazee wakiwamo, wautumikishe mwili kwa kiasi dakika 150 hadi 300 kwa juma, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze, siku tatu au zaidi katika juma, mazoezi ya kujisawazisha na ya kutia nguvu ili wasianguke. Wasioweza kufikia kiasi hicho wafanye kadiri ya uwezo wao, maana kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Nilipousoma mwongozo huo nilimkumbuka bibi na mundu wake. Alikuwa ameutimiza miaka 60 bila kuusoma.

Nikajiuliza, imani yetu ina neno gani hapa? Wengine watasema mchungaji ashughulike na roho, miguu aiachie zahanati. Lakini sisi Walutheri tumefundishwa vingine tangu kipaimara. Tukieleza sehemu ya kwanza ya Imani, ile ya Mungu Muumbaji, Katekisimo Ndogo hainiambii kwanza habari za nyota na bahari. Inaanza na mimi: kwamba Mungu ameniumba, amenipa mwili na roho, macho, masikio na viungo vyote, na bado anavitunza. Viungo vyote. Magoti yamo. Na tukifika kwenye Amri ya Tano, tunafundishwa kwamba haitoshi kutomwua jirani. Tunapaswa kumsaidia katika kila haja ya mwili wake. Kwa hiyo miguu ya bibi ni jambo la Katekisimo, na mchungaji anayeiulizia hajatoka nje ya kazi yake.

Luther mwenyewe alipitia wakati kama wetu. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kikahamishiwa Jena, naye akaamriwa na mtawala aondoke, lakini akabaki na mchungaji Bugenhagen kuwahudumia wagonjwa. Katika maandishi yake ya wakati ule kwa wachungaji wa Breslau waliomuuliza kama Mkristo aruhusiwa kukimbia tauni, alikemea pande mbili. Aliwakemea waliojidai kuwa na imani wakaidharau hatari, wasitumie dawa wala kujitenga. Hao, kwa maoni yake, wanamjaribu Mungu. Akawakemea pia waliomkimbia jirani mwenye shida. Yeye alisema atajitenga na mahali asipohitajika, asije akawaambukiza wengine, lakini jirani akimhitaji atakwenda. Tulipoyasoma haya chuoni Makumira, yalikuwa historia. Mwaka 2020 yakawa mwongozo wa kazi: tujitenge kwa busara, lakini kujitenga kusiwe kisingizio cha kumwacha mtu afifie.

Na kuna barua nyingine ya Luther ambayo watu wengi hawaijui. Mwaka 1534 alimwandikia mtawala mmoja kijana, Joachim wa Anhalt, aliyekuwa akisumbuliwa na huzuni nzito. Hakumwambia aongeze kufunga. Alimshauri apande farasi, awinde, akae na watu wema wenye furaha, kwa maana upweke na huzuni ni sumu kwake. Yule mtu wa maombi alijua kwamba mwili ukitikisika na mtu akipata mwenzake wa kucheka naye, roho nayo hupumua.

Basi tukakaa, mama muuguzi, mwinjilisti wetu na mimi, tukapanga. Hatukuwa na fedha wala vifaa. Tulikubaliana mambo manne, tukayapeleka nyumba kwa nyumba, tukisimama nje uwanjani.

La kwanza lilikuwa kuinuka. Mzee akae kwenye kiti imara, si cha plastiki kinachoteleza, ainuke na kukaa tena, polepole, akishika meza akihitaji. Aanze na mara tatu. Akizoea, mara kumi, asubuhi na jioni. La pili lilikuwa kujisawazisha: asimame ameshika nguzo ya baraza, anyanyue visigino, kisha asimame kwa mguu mmoja kwa kuhesabu mpaka tano, mtu akiwa karibu yake. La tatu lilikuwa kutembea ndani ya kihamba mpaka kwenye mpaka na kurudi. Kule hakuna msongamano wala hewa iliyofungwa. La nne, nalo ndilo lililoleta ubishi, lilikuwa kumrudishia kila mzee kazi moja iliyo yake, ambayo mtu mwingine yeyote nyumbani haruhusiwi kuigusa. Mama muuguzi aliwaonya wenye moyo mgonjwa au waliowahi kupooza wamwone daktari kwanza, na kila mmoja aache mara moja akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu.

Jioni ile ile nilipigiwa simu kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mwana mkubwa wa yule bibi. Aliniamkia vizuri, akauliza habari za kazi, kisha akasema, "Mchungaji, nimesikia mnataka Mama afagie. Akianguka akavunjika nyonga, nani atamuuguza? Wewe?"

Lilikuwa swali la haki, wala sikukasirika. Anayelipa hospitali ni yeye. Nikamwambia, "Kaka, mchana Mama hawezi kuanguka, maana amekalishwa. Lakini usiku ataamka kwenda chooni, na atakwenda kwa miguu hiyo hiyo iliyokaa mchana kutwa. Hapo ndipo ninapoogopa mimi."

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Baba alianguka hivyo hivyo. Usiku." Akaniuliza ni mazoezi gani hayo, nikamweleza, akasema, "Sawa. Ufagio apewe. Mundu, hapana."

Nilipompelekea bibi habari hizo, alizipokea kama mtu aliyeshinda kesi nusu. "Mundu tutausemea baadaye," akasema.

Jambo moja lilitokea ambalo hatukulipanga. Katika vihamba vyetu mpaka hupandwa masale, jani ambalo kwa mila yetu hutumika pia kuombea msamaha na kupatanisha waliogombana. Bibi alipoanza kutembea mpaka kwenye masale, alimkuta jirani yake upande wa pili, naye ametumwa na mama muuguzi. Wakasimama kila mmoja kwenye kihamba chake, hatua kadhaa kati yao, wakasimuliana habari za miezi mitatu. Kesho yake wakarudi saa ile ile. Juma lililofuata walikuwa wanne kwenye kona ambapo vihamba vinakutana, wakiimba wimbo wa jumuiya kila mmoja akiwa kwake. Mwinjilisti alipita njia akawakuta, akasimama mbali akawasomea Neno. Ndivyo jumuiya ya Jumatano ilivyofufuka. Nadhani masale yale yalitibu zaidi ya kiti na nguzo, kwa sababu mzee hatembei kwa ajili ya misuli. Anatembea kwa sababu kuna mtu anayemngoja upande wa pili.

Hapo nikaielewa upya habari ya mama mkwe wa Simoni katika Marko sura ya kwanza. Yesu alimkuta amelala na homa, akamshika mkono, akamwinua. Zamani niliona ajabu kwamba mama yule, mara tu homa ilipomwacha, alianza kuwatumikia. Nilifikiri, si wangemwacha kwanza apumzike? Sasa naona kwamba Bwana hakumwondolea homa tu. Alimrudisha mahali pake ndani ya nyumba yake. Alimwinua apate kuwa mtu wa kutoa tena, si wa kupokea tu. Na Kalebu, katika Yoshua 14, akiwa na miaka 85, hakuomba kiti. Aliomba apewe mlima. Sisi tulio watoto wa mlima tunapaswa kuielewa dua hiyo.

Lakini nisiandike kama vile kila mzee aliinuka. Katika mtaa wetu wa chini kulikuwa na babu mmoja, mwalimu mstaafu, aliyewahi kupooza upande mmoja miaka ya nyuma. Kabla ya korona alikuwa akitembea kwa mkongojo mpaka barabarani kusoma gazeti dukani. Miezi ile ya chumbani ilimwondolea hatua zake, na hazikurudi. Binti yake alijitahidi kila siku, akimwinua, akimnyosha viungo. Alichokipata ni kwamba baba yake aliweza tena kuketi mwenyewe ukingoni mwa kitanda, na kuuinua mkono wake mzima juu ya vichwa vya wajukuu jioni kuwabariki. Basi. Alifariki mwanzoni mwa mwaka 2021, na binti yule aliniambia kwamba mkono ule wa jioni ndio anaoushukuru kuliko yote.

Naliweka jambo hili hapa makusudi. Injili yetu si habari njema kwa wenye miguu mizuri. Thamani ya mzee mbele za Mungu haipimwi kwa hatua anazotembea, na aliyelala kitandani asiyeweza kugeuka ni hekalu la Roho Mtakatifu kama vile anayepanda kilima. Mwili ule tutakaouzika kwa tumaini la ufufuo tunauheshimu ukiwa na nguvu na ukiwa hauna. Ninalosema ni hili tu: alicho nacho mzee, hata kama ni mkono mmoja, asinyang'anywe kwa jina la upendo.

Bibi yule hakupona ndani ya juma moja. Mwezi wa kwanza alifagia robo ya uwanja, akiegemea mgomba kila baada ya hatua chache. Mwezi wa tatu akafagia wote. Krismasi ya mwaka ule alisikiliza ibada kutoka barabarani, chini ya kanisa, kwa sababu kilima kilimshinda. Pasaka iliyofuata alikuja na mkongojo na mjukuu, akapumzika mara tano badala ya mbili. Kwenye Imani ya Mitume akasimama. Hakuwa na haraka. Tulikuwa tumeshafika kwa Yesu Kristo alipomaliza kunyooka, na washarika, bila mtu kuwaambia, walipunguza mwendo.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha. Ndoo nyingi za maji tiririka zimeondolewa makanisani. Lakini nikitembelea nyumba za washarika bado nawakuta wazee barazani, mchana kutwa, wakiwa na televisheni mpya, mfanyakazi wa ndani, na kila kitu isipokuwa kazi. Watoto wao ni watoto wema. Kila jioni hupiga simu na kuuliza maswali mawili: "Umekula? Umekunywa dawa?"

Naomba tuongeze la tatu: "Leo umetembea mpaka wapi?" Na la nne, kama tunaweza: "Umemwona nani?" Ukienda nyumbani mwisho wa mwaka, usimpokonye mama yako sufuria kwa kuonyesha heshima, kaa karibu yake mchambue maharage pamoja. Wazee wa kanisa wenzangu, tuwekeni mabenchi mawili kwenye kile kilima cha kupandia kanisani, ili anayehitaji kupumzika mara tano apumzike mara tano. Kwaya ya vijana, chagueni kila Jumapili wawili wa kuwafuata wazee njiani, si kuwabeba, bali kutembea nao.

Katika Mwanzo 33, Esau alitaka yeye na Yakobo ndugu yake wafuatane njiani. Yakobo alimwomba atangulie, kwa sababu alikuwa na watoto wadogo na wanyama wanaonyonyesha; akiwaharakisha hata siku moja, watakufa. Yeye angekuja polepole, kwa mwendo wa wale walio dhaifu. Sisi tumezoea kuchagua moja kati ya mawili: ama tunamwacha mzee nyuma, ama tunamkalisha ili asituchelewesha. Yakobo alijua njia ya tatu, nayo ni ndefu na inachosha wenye haraka. Ni kutembea kwa mwendo wake.